Mwanasesere Mpya Asiyejifanya wa Kale

Katika soko la kazi za mikono lililo nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa maigizo hapa Kampala kuna kibanda ambacho kwa mbali hakitofautiani na jirani zake: vikapu vimening'inizwa mlangoni, ngoma zimepangwa chini, na mikufu ya shanga za karatasi imefunika ukuta mzima. Ukiingia, upande wa kushoto utakuta rafu tatu za wanasesere waliotengenezwa kwa maganda makavu ya mgomba, yale ambayo Waganda huyaita byayi, na ni kwa ajili ya rafu hizo tatu ninaandika tathmini hii. Nimenunua hapo mara nne katika muda wa mwaka mmoja na nusu, nimeuliza maswali mengi kuliko mteja wa kawaida, na mara moja nimerudi na malalamiko, kwa hiyo ninayoyaeleza ni mambo niliyoyaona na kuyashika kwa mikono yangu.

Kilichonifikisha hapo ni hasara. Nililelewa Bombo na bibi yangu, Mnubi aliyesuka kawa za rangi za kufunikia sinia, ambaye kila alipokata migomba iliyokwisha kuzaa alitufungia wanasesere kwa maganda yake, akiwakaza viuno kwa kamba ya mgomba uleule na kuwavisha vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani. Hakuna hata mmoja aliyesalia. Nilipokuwa mtu mzima nikatamani sana kupata mwanasesere wa zamani wa aina hiyo, na tamaa hiyo ikanipeleka katika duka moja la katikati ya jiji ambalo sitalitaja. Humo niliuziwa, kwa shilingi 350,000, mwanasesere mweusi mwenye harufu ya moshi, aliyevaa gomesi, vazi refu la wanawake wa Kiganda, iliyoshonwa kwa kitambaa cha gome la mti, na muuzaji akanihakikishia kwamba ana umri wa miaka 150 na kwamba alitoka katika nyumba ya mtemi kabla Wazungu hawajafika Buganda.

Miezi michache baadaye nilimbeba mpaka kwenye kibanda hiki, kwa kuwa niliambiwa kwamba mama mwenye kibanda anajua maganda ya mgomba kuliko mtu yeyote sokoni. Nilitaka tu anieleze ni ya mgomba wa aina gani. Alimgeuza, akamnusa, akamfunua kiuno kwa ncha ya sindano, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu hajafikisha hata miaka miwili." Hakumtaja muuzaji kwa ubaya wala hakunishawishi ninunue chake. Alinikalisha kwenye kigoda na kunionyesha hatua kwa hatua, na nusu saa ile ndiyo huduma bora niliyowahi kupewa na mfanyabiashara yeyote wa vitu vya ukumbusho katika nchi hii.

Kwanza alianza na vazi. Gomesi si vazi la enzi za kale. Mikono yake iliyosimama mabegani na mkanda wake mpana kiunoni vinahusishwa na mafundi wa Kigoa, yaani wenye asili ya Goa nchini India, walioshona mwanzoni mwa karne ya 20, na masimulizi yanayojulikana zaidi yanaiunganisha na shule ya wasichana ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905. Mwanasesere aliyeshonewa gomesi tangu mwanzo hawezi kuwa na umri wa miaka 150. Nikiwa nimekaa pale nikakumbuka pia kwamba msafiri Mwingereza John Speke alifika katika ua wa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, maana yake hata hesabu ya muuzaji yenyewe ilijipinga, kwa sababu miaka 150 nyuma Wazungu walikuwa wamekwisha kufika. Kisha akanionyesha uzi. Chini ya kamba ya mgomba iliyoonekana kwa nje, shingo na makwapa vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa nailoni, kitu kilichoanza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1930. Mwisho akachana ganda moja kidogo: kwa nje lilikuwa jeusi na kwa ndani lilikuwa na rangi ya maziwa, safi, kana kwamba limetoka shambani juzi. Weusi ulikuwa ni rangi ya viatu iliyosuguliwa na kuachwa juu ya moshi wa jiko.

Ninayaandika haya kwa urefu kwa sababu ndiyo mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyakagua mwenyewe akiwa amesimama dukani, bila chombo chochote. Kitu kilichozeeka kwa kutumiwa huchakaa mahali kiliposhikwa: kiunoni, shingoni, na pale kilipopita kitambaa mtoto alipombeba mwanasesere mgongoni. Kitu kilichozeeshwa kwa makusudi huwa cheusi pote kwa usawa, hata katika mikunjo ambayo vidole havifiki. Moshi wa miaka mingi wa jikoni huingia ndani ya ganda, ilhali rangi ya viatu hubaki juu na hutoka ukisugua kwa kitambaa chenye unyevu. Shanga za plastiki ni nyepesi na zina mshono wa kalibu, na shanga za kioo ni baridi na nzito kiganjani.

Lakini hoja kubwa zaidi ya mama yule haikuwa katika uzi wala rangi. Alisema kwamba mwanasesere wa maganda ya mgomba hakutengenezwa ili adumu. Nimeitafakari kauli hiyo mara nyingi tangu siku ile, na naamini ni ya kweli kabisa. Ganda la mgomba hunyonya unyevu, na nchi yetu karibu na Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, ina unyevu mwaka mzima. Wadudu hulitoboa, panya hulibeba, na mtoto mwenyewe hulivuta mpaka likakatika. Msichana alipokuwa akikua, mwanasesere alitupwa jikoni au shambani, na msimu uliofuata mdogo wake alifungiwa mwingine, kama ambavyo wavulana walijifungia mipira ya maganda hayohayo na kuicheza mpaka ikafumuka. Hakuna aliyeona haja ya kuhifadhi, kwa sababu mgomba ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba. Kilichodumu kwetu ni chuma, udongo uliochomwa na mti mgumu. Kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929, ambacho sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, kilisalia ardhini kwa sababu ni udongo uliopita motoni. Mwanasesere wa byayi asingevumilia hata msimu mmoja wa mvua mahali pale. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba ana rafu nzima ya wanasesere wa mgomba wenye umri wa karne moja na nusu anakuambia jambo ambalo mmea wenyewe unalikanusha.

Ni tofauti na sanamu za miti zilizotumika katika unyago na uzazi. Mwana hiti wa Wazaramo wa pwani ya Tanzania, sanamu ndogo ya mti anayopewa mwali akiwa ndani, ilitunzwa na kukabidhiwa, ndiyo maana zipo za zamani za kweli. Akuaba ya Waasante wa Ghana, yenye kichwa bapa cha duara, ilibebwa mgongoni na mwanamke aliyetafuta mtoto. Waturkana, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini-mashariki, walivalisha shanga na ngozi wanasesere wa mti na wa makoche. Kila mmoja kati ya hao ana watu wake na kazi yake, na ni dhuluma kwa wote kuwachanganya. Katika duka lile la jijini niliona nakala za akuaba zikiuzwa kwa jina la sanamu za uzazi za Kiganda. Katika kibanda ninachokitathmini nilipouliza kama wanasesere wake wana kazi ya tambiko, mama alinijibu moja kwa moja kwamba ni vitu vya kuchezea watoto, na kwamba bibi zake hawakuwahi kumwambia lolote zaidi ya hilo.

Sasa kuhusu bidhaa zenyewe. Wanasesere wadogo, wenye urefu wa kiganja, nilinunua kwa shilingi 8,000 kila mmoja. Wa kati, wa takriban sentimita 25, ni shilingi 25,000, na hao ndio ninaowapendekeza kuliko wote. Wakubwa wa sentimita 40 ni shilingi 60,000. Kuna pia kikundi cha watano, yaani mwanamume wa kanzu na koti, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, mpiga ngoma, mchuuzi mwenye kichala cha matoke kichwani na msichana anayetwanga, kwa shilingi 110,000. Bei haibadiliki kwa rangi ya ngozi ya mnunuzi. Nilisimama pale wakati wageni wawili kutoka Ulaya walipouliza bei ya mwanasesere wa kati, wakaambiwa 25,000 kama mimi. Unaweza kulipa kwa simu, na anakuandikia risiti kwa mkono. Anazungumza Kiganda na Kiswahili kwa ufasaha, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili atahudumiwa bila kuhangaika.

Ubora wa kazi unaonekana kwanza katika rangi, kwa kuwa mwanasesere mzuri wa byayi hapakwi rangi hata kidogo. Ganda la mgomba lililokaukia kwenye shina lenyewe huwa na rangi nyingi za asili, kuanzia ya maziwa, kupitia ya asali, hadi kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, na fundi anayejua kazi yake huchagua ganda la uso tofauti na la mikono na tofauti kabisa na la kitambaa cha kichwani. Maganda hulowanishwa kidogo ili yakubali kukunjwa, yakaviringishwa juu ya kiini cha vipande vilivyokunjwa kwa nguvu, kisha yakafungwa kwa nyuzi nyembamba zilizochanwa kutoka kwenye ganda hilohilo. Katika wale wa kati fundo la kiunoni limefichwa chini ya mkanda na halifunguki hata ukivuta. Nilivuta mbele ya mwenye kibanda, naye hakukasirika. Nywele zimechambuliwa kwa uzi wa ganda, na vidole vya mikono, ambavyo wauzaji wengi huviacha kama kisiki, vimetenganishwa vitano vitano. Bibi yangu hakuwa na subira ya vidole. Nilipoviona mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda.

Mavazi ya baadhi yao yametokana na gome la mti, olubugo, na hapa mama anastahili sifa ya pekee kwa jinsi anavyolitumia. Gome hilo huvuliwa kutoka kwenye mti wa mutuba, shina likafungwa majani ya migomba ili lipone na kuota gome jingine, na gome lililovuliwa hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kutoka mifereji mipana hadi myembamba, mpaka likawa kitambaa laini chenye rangi ya udongo mwekundu. Kwa Waganda ni kazi ya urithi ya ukoo wa Ngonge. UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu na kuiandika katika orodha yake mwaka 2008. Kwa kuwa olubugo ni pia sanda ya wafu na vazi la sherehe za kifalme, mama hutumia vipande vinavyobaki kwa mafundi tu, wala hanunui kitambaa kizima ili akikate kuwa vinguo. Huo ni uamuzi wake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, na mimi ninauheshimu.

Jambo jingine linalokipa kibanda hiki nafasi yake ni mpangilio wa asili ya vitu. Yeyote aliyezunguka masoko ya ukumbusho ya Kampala, au vibanda vya Kayabwe kwenye mstari wa ikweta katika barabara ya Masaka, anajua kwamba sehemu kubwa ya bidhaa zilizoandikwa jina la Uganda zimevuka mpaka wa Busia au Malaba: vinyago vya mawe laini hutoka Tabaka katika nchi ya Wakisii, na sanamu nyingi za wanyama za mti hutoka kwa wachongaji wa Ukambani. Sioni ubaya katika biashara hiyo, maana Wakisii na Wakamba ni mafundi hodari na jirani zetu. Ubaya ni kufuta jina lao. Mama huyu ameweka bidhaa za Kenya kwenye meza ya peke yake na humwambia mteja zinakotoka kabla hajaulizwa. Wanasesere wa rafu za kushoto hutengenezwa na yeye mwenyewe pamoja na wanawake wanne wa upande wa Mpigi, ambao huwalipa fedha taslimu siku wanapoleta mzigo. Alinieleza kwamba zamani alipokuwa fundi tu, alilazimika kuacha kazi zake madukani kwa mali kauli na kungoja miezi hadi ziuzwe, na nyingine zilirudishwa zikiwa zimeliwa na wadudu bila fidia yoyote. Hataki kumfanyia mtu mwingine hivyo.

Hapo ndipo ninapoona hasara halisi ya ukale wa uongo. Nilipolipa 350,000 kwa mwanasesere aliyepakwa rangi ya viatu, nililipia hadithi, na fundi aliyemfunga, ambaye kwa hakika alikuwa mwanamke fulani aliye hai, mwenye mikono na jina, alifutwa ili hadithi ipate nafasi. Yeye pengine alipata elfu kumi. Kazi yake haikuwa mbaya, na mama wa kibanda alinionyesha kwamba mafundo yake ni ya mtu mzoefu. Angeweza kuuzwa kwa jina lake, akiwa mpya, kwa bei ya haki. Isitoshe, muuzaji anayedai kuwa na kitu cha kale cha kweli ana wajibu mwingine, kwa sababu sheria ya Uganda ililinda vitu vya kale tangu ile ya mwaka 1967 na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mimi sikuulizwa kama nitasafiri naye wala sikuelezwa habari za kibali. Mwezi Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kiliirudishia Uganda, kwa mkopo, vitu 39 vya enzi za ukoloni, na taifa zima likasherehekea. Haiwezekani tukashangilia kurudi kwa hivyo huku tukiwaambia wageni madukani kwamba wanaweza kuondoka na urithi wa watemi ndani ya mfuko wa plastiki.

Kibanda hiki hakikosi kasoro, nami nilimweleza mwenyewe zote ana kwa ana. Wanasesere hawana kitambulisho cha fundi. Anakutajia kwa mdomo nani amemfunga nani, lakini ukifika nyumbani umebaki na kumbukumbu yako tu, na kipande kidogo cha karatasi kilichofungwa mguuni kingetosha. Wale wadogo wa 8,000 wana mikanda iliyobandikwa kwa gundi badala ya kushonwa, na mmoja kati ya watatu niliowanunua alibanduka ndani ya wiki moja. Macho ya shanga hayafai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na hilo halikusemwa mpaka nilipouliza. Ufungaji nao una hitilafu: alinifungia mwanasesere mkubwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, na kwa kuwa sikumtoa kwa siku kumi, alianza kuota ukungu mgongoni. Huko ndiko nilikorudi na malalamiko. Alimpokea, akamwanika kwenye kivuli, akanipa mwingine bila kunidai kitu, na tangu siku hiyo ameanza kufunga kwa magazeti. Anayenunua wa kumpeleka mbali amfunge hivyo, amweke mahali pakavu penye hewa na amkague mara kwa mara kama ana unga wa wadudu.

Wenye nia ya kununua wafike siku za kazi asubuhi, kabla mabasi ya wageni hayajafika, maana mchana kibanda hujaa na mama hapati nafasi ya kueleza. Ukihitaji mwanasesere wa namna yako, agiza wiki mbili kabla na ulipe nusu. Mimi niliagiza mmoja aliyefungwa kama nilivyokumbuka mkono wa bibi yangu: bila vidole, bila gomesi, kiuno kilichokazwa kwa mizunguko mitatu ya kamba, na kitambaa cha maua kilichobaki kwenye cherehani, ambacho nilikileta mwenyewe kutoka Bombo. Aliniuliza maswali kuhusu fundo la kiunoni kwa muda mrefu, akalifunga na kulifungua mbele yangu mara tano, hadi nikasema ndilo. Nililipa shilingi 30,000. Nilimpelekea mpwa wangu, mtoto wa miaka sita, ambaye humfunga mgongoni kwa leso kila siku na tayari amemkata mkono mmoja. Juzi nilimrudisha kibandani kwa matengenezo. Mkono umeshonwa upya kwa shilingi 2,000 nikiwa nasubiri, kwa ganda lenye rangi tofauti kidogo, na mama akaniomba radhi kwamba lililofanana nalo litapatikana msimu ujao wa kukata migomba.